Kuona Yaliyo Chini ya Ardhi Bila Kuyachimba



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapendwa, mwanafunzi akiulizwa anataka kuwa nani atakapokuwa mkubwa, majibu yake tunayajua sote: daktari, rubani, mhandisi, mwalimu, mfanyabiashara. Hizo ni kazi njema na umma unazihitaji. Lakini zipo kazi nyingine ambazo hazitajwi majumbani wala darasani, na kwa sababu hazitajwi vijana wetu hawaziendei. Leo tunapenda kuwaelezeni moja kati ya hizo. Ni kazi ya kuutafuta mji wa kale, msikiti au kisima kilichofukiwa na udongo kwa mamia ya miaka, na kuchora ramani yake, bila ya kupiga jembe hata mara moja.

Fani hii inaitwa jiofizikia ya mambo ya kale, na mwenzake ni uchunguzi wa ardhi ya eneo zima. Majina ni marefu, ila mambo yenyewe yanaeleweka na kila aliyesoma fizikia kidogo.

KWA NINI TUSICHIMBE TU?

Akiolojia ni elimu ya kuwajua watu waliopita kwa kutazama vitu walivyoviacha: kuta, vigae vya vyungu, shanga, sarafu, mifupa ya samaki waliokula, majivu ya majiko yao. Njia yake iliyozoeleka ni kuchimba taratibu, tabaka baada ya tabaka.

Kuchimba kuna faida kubwa. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate nchini Kenya, mtaalamu Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 chini ya msikiti wa Ijumaa uliojengwa kwa mawe. Alikuta misikiti mingine ya zamani zaidi, mmoja juu ya mwingine, na ile ya chini kabisa ilikuwa midogo, ya miti, ya karne ya 8 Miladia. Bila kuchimba tusingejua kwamba Waislamu wa mwambao huu walikuwa wakisali hapo mapema kiasi hicho.

Lakini kuchimba kuna gharama isiyolipika. Anayechimba ni kama mtu anayesoma kitabu ambacho kila ukurasa akiumaliza unaungua. Tabaka likishaondolewa halirudi. Kama aliyechimba hakuandika vizuri, au hakujua la kutazama, habari ile imepotea daima. Tena kuchimba ni kazi ya polepole mno. Kundi la watu kumi linaweza kumaliza mwezi mzima katika shimo lisilozidi ukubwa wa chumba.

Kwetu sisi liko na jambo la tatu. Miji mingi ya kale ya mwambao wa Afrika Mashariki ni miji ya Waislamu. Yaliyomo chini ni misikiti yetu na makaburi ya wazee wetu, na maiti wa Kiislamu ana heshima yake kama aliye hai. Mzee wa kijiji akimwona mgeni na sepetu karibu na makaburi ana haki ya kuuliza. Basi elimu inayoweza kuonesha makaburi yapo wapi, ili yasiguswe, ni elimu ambayo sisi tunaihitaji kuliko wengi.

ELIMU HII ILIANZAJE?

Mwaka 1946, Richard Atkinson wa Uingereza alipitisha umeme ardhini huko Dorchester-on-Thames ili kutafuta mahandaki ya kale yaliyokuwa yamefukiwa. Wahandisi walikuwa tayari wakitumia njia hiyo kuchunguza ardhi. Yeye aliileta katika mambo ya kale.

Mwaka 1958, Martin Aitken alipeleka kifaa cha kupima nguvu ya sumaku huko Water Newton, karibu na mji wa Peterborough. Barabara kubwa ilikuwa inakuja kupanuliwa na muda ulikuwa mfupi. Ilidhaniwa kuwa chini ya ardhi ile kulikuwa na matanuri ya kuchomea vyungu ya zama za Warumi. Kifaa kiliyaona matanuri hayo kabla ya matingatinga kufika.

Angalieni sababu iliyowasukuma: barabara inakuja na muda hautoshi kuchimba kila mahali. Hali hiyo ndiyo tuliyo nayo sisi leo. Barabara, bandari, hoteli na nyumba zinaongezeka mwambao mzima. Kuendelea ni jambo jema, ila mahali ambapo hakuna aliyepima, tingatinga huwa la kwanza kujua kilichomo, nalo halisimulii.

VIFAA VITATU NA NAMNA VINAVYOFANYA KAZI

1. Kipimo cha ukinzani wa umeme.
Maji yaliyomo katika udongo, pamoja na chumvi zake, hupitisha umeme. Jiwe kavu hulizuia. Mpimaji huchomeka ardhini vijiti vya chuma, umeme mdogo ukapita, kisha kifaa kikapima ukinzani. Penye ukuta uliofukiwa, ukinzani hupanda. Penye shimo la kale au handaki lililojaa udongo laini wenye unyevu, ukinzani hushuka. Vijiti vikiwa vimeachana nusu mita, kifaa huonesha mambo yaliyo chini kwa kiasi cha nusu mita hadi mita moja. Vikiachanishwa zaidi, huona chini zaidi, lakini kwa uwazi mdogo.

2. Magnetomita.
Ardhi nzima ina sumaku yake, ndiyo maana dira huelekea kaskazini. Nguvu hiyo hupimwa kwa nanotesla, na katika mwambao wetu ni kiasi cha nanotesla 33,000 hivi. Sasa, udongo una chembechembe za chuma. Udongo ukichomwa moto mkali, kwa mfano katika tanuri la vyungu lenye joto la nyuzi 600 na zaidi, chembe hizo zinapopoa hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia na kubaki nao. Kwa hiyo jiko, tanuri, mahali pa mfua chuma, na hata ukuta wa udongo ulioungua nyumba ilipoteketea, vyote huacha alama. Alama hizo aghlabu ni nanotesla chache tu ndani ya zile 33,000! Ili kuzitambua, kifaa huwa na vipimio viwili, kimoja juu ya kingine. Sumaku ya dunia huwa karibu sawa kwa vyote viwili, hivyo hesabu ya kutoa huiondoa, na kinachobaki ni kile kilicho karibu chini ya miguu.

Kwa sababu hiyo mpimaji hatakiwi kuwa na chuma mwilini: mkanda wenye bakoli, funguo, simu, saa, viatu vyenye misumari, hata pini ya chuma ya mtandio. Ukisahau funguo mfukoni, siku nzima utakuwa unapima funguo zako.

3. Rada ya ardhini.
Kifaa hiki husukumwa au huburutwa kama kigari. Hupeleka mawimbi ya redio chini, na mawimbi yakigonga kitu cha aina nyingine, kama sakafu ya chokaa au ukuta, sehemu yake hurudi. Kwa kujua muda wa kwenda na kurudi tunapata kina. Tufanye hesabu. Tuchukulie kwamba katika udongo fulani mkavu wimbi husafiri kiasi cha mita 0.1 kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Mwangwi umerudi baada ya nanosekunde 20. Nusu ya muda huo ni ya kwenda, nusu ya kurudi. Basi ni 10 mara 0.1, sawa na mita 1. Ukuta uko mita moja chini.

Rada ni nzuri katika mchanga mkavu. Katika udongo wa mfinyanzi, au penye maji ya chumvi, mawimbi humezwa na hayarudi. Ndiyo maana mtaalamu haanzi kwa kuuliza kifaa kipi ni cha kisasa zaidi. Huuliza: udongo huu ni wa aina gani, na ninatafuta nini? Jiwe la matumbawe lililojengewa miji yetu halina sumaku ya kutosha. Katika magnetomita ukuta wake huonekana kama mstari uliofifia katikati ya udongo, au usionekane kabisa. Kwa ukuta wa namna hiyo rada na kipimo cha umeme hufaa zaidi. Kwa tanuri, magnetomita.

Na tuseme ukweli: hakuna kifaa kati ya hivi kinachokuambia mwaka. Vinaonesha umbo na mahali. Ili kujua ni wa lini, mara nyingi bado kuna haja ya shimo dogo. Lakini sasa shimo moja huchimbwa mahali panapojulikana, badala ya mashimo ishirini ya kubahatisha.

SIKU YA KAZI

Vijana wengi hudhani kazi hii ni kukaa mbele ya kompyuta. Nusu yake ni hivyo. Nusu nyingine ni jua, miiba na kutembea. Asubuhi kundi hufyeka vichaka na kugawa uwanja katika miraba ya mita 20 kwa 20 kwa kutumia vigingi, kamba na vipimo vya setilaiti. Mpimaji hutembea kwa mwendo ulio sawa, mstari baada ya mstari, kila mstari mita moja kutoka mwenzake. Akichukua vipimo vinne katika kila mita, mraba mmoja humpa vipimo 1,600. Miraba kumi kwa siku ni vipimo 16,000. Ukiyumba, ukipinda au ukiruka mstari, picha ya mwisho itayumba pia. Jioni vipimo huingizwa katika kompyuta, kila namba ikapewa rangi yake kati ya nyeupe na nyeusi, na taratibu huanza kutokea mistari, duara na pembe. Hapo ndipo uchovu husahaulika.

KUTAZAMA ENEO ZIMA

Mji haukuishi peke yake. Ulikuwa na mashamba, njia, visima, bandari na vijiji vya jirani. Uchunguzi wa eneo zima huyatafuta yote hayo. Watu hutembea katika mistari wakiokota kwa macho vigae vya vyungu na kuandika mahali vilipo. Huzungumza na wazee na wavuvi, wakauliza majina ya mahali, kwani jina kama Mji Mkale au Magofuni halikutolewa bure. Hutazama picha zilizopigwa na ndege, ndege zisizo na rubani na setilaiti.

Mfano wake mzuri unaigusa tarikhi tunayoisoma madrasa. Sote tumesikia vita vya Qadisiyya nchini Iraki, katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), jeshi la Waislamu likiongozwa na Saad bin Abi Waqqas (R.A.), katika miaka ya 630 Miladia. Vita vimeandikwa vitabuni, lakini mahali penyewe hasa palikuwa pamepotea. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Durham cha Uingereza na wa Chuo Kikuu cha Al-Qadisiyah cha Iraki walikuwa wakichora ramani ya Darb Zubayda, ile njia ya mahujaji kutoka Kufa hadi Makka iliyopewa jina la Bibi Zubayda, mke wa Harun Rashid. Walizitazama picha za setilaiti ya kijasusi ya Marekani za mwaka 1973, zilizokuwa za siri na baadaye zikafunguliwa, huku wakizilinganisha na maelezo ya vitabu vya kale vya Kiarabu kuhusu masafa kati ya vituo vya njia. Kiasi cha kilomita 30 kusini ya Kufa waliona ukuta wa mistari miwili, wenye urefu wa karibu kilomita 10, ukiunganisha ngome ukingoni mwa jangwa na makazi makubwa ukingoni mwa ardhi ya mashamba. Timu ya Iraki ilipofika mahali penyewe ilikuta handaki, ngome na vigae vya zama zile. Habari hiyo ilitangazwa mwezi Novemba mwaka 2024.

Kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza, sehemu kubwa ya ukuta ule leo imelimwa au imeliwa na wakati. Ilibaki katika picha ya mwaka 1973. Kilichorekodiwa hakipotei chote. La pili, picha peke yake isingetosha. Ilihitaji mtu mwenye kukisoma kitabu cha Kiarabu akajua kwamba kituo hiki kimeachana na kile kwa masafa kadhaa.

KWETU: SONGO MNARA NA UNGUJA UKUU

Tusidhani mambo haya ni ya nchi za mbali. Katika kisiwa cha Songo Mnara, kusini ya Kilwa Kisiwani nchini Tanzania, kuna magofu ya mji uliokaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Bado zimesimama kuta za nyumba za mawe zaidi ya 40, pamoja na misikiti na makaburi. Mwaka 1981 Songo Mnara na Kilwa Kisiwani viliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, na kati ya mwaka 2004 na 2014 viliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, mawimbi ya bahari yakiwa miongoni mwa maadui zake.

Kwa muda mrefu waliofika hapo walitazama nyumba za mawe. Viwanja vilivyo kati yake vilionekana vitupu. Kuanzia mwaka 2009, mradi ulioongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher uliuliza swali jepesi: je, viwanja hivi kweli ni vitupu? Kate Welham na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bournemouth walivipima kwa sumaku na kwa mawimbi ya sumaku-umeme. Vipimo vilionesha alama nyingi, na zilipochimbwa baadhi yake yalitoka mabaki ya nyumba za miti na udongo wa kukandika. Kumbe palikuwa na watu wengine, wasiokuwa na nyumba za mawe, ambao habari zao zilikuwa hazionekani.

Hili si jambo dogo. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na katika simulizi ya safari zake ameeleza kuwa majengo ya mji yalikuwa ya miti. Msomaji wa leo akiyaona magofu ya mawe hushangaa. Lakini miti huoza na udongo hurudi kuwa udongo, na mwenye nyumba ya jiwe ndiye anayebaki katika historia. Fukara, mvuvi, mfua chuma na mke wake wanafutika. Elimu hii inawarudisha.

Vipimo vya magnetomita vimefanywa pia Unguja Ukuu, Zanzibar, mji wa biashara uliokuwapo tangu karne ya 7, ili kuelewa mpangilio wake, na matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Lakini kabla ya hapo aliyeuandikia mji huo utafiti mkubwa alikuwa Abdurahman Juma, aliyepata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, mwaka 2004. Basi mtoto asiambiwe kwamba kazi hii ni ya Wazungu.

MWANAFUNZI WA MADRASA ANA NINI CHA ZIADA?

Anacho, tena kingi. Tazameni hesabu hii ya qibla. Makka iko karibu na longitudo ya 39.8 mashariki. Kilwa iko karibu na 39.5 mashariki. Maana yake, mtu wa Kilwa akisimama kuswali huelekea karibu kaskazini moja kwa moja. Sasa, mpimaji ameketi mbele ya kompyuta na ameona umbo la mstatili, na upande wa kaskazini ukuta una kitu kidogo kilichochomoza nje. Asiyejua ataandika "jengo". Mtoto wa chuoni ataona mara moja kwamba huenda ni mihrabu, na jengo lile huenda ni msikiti. Karibu yake akiona vialama virefu vingi vimelala mashariki na magharibi, atakumbuka namna maiti anavyolazwa kwa ubavu wa kulia kuelekea qibla, na atasema: jamani, pale pasichimbwe, yale huenda ni makaburi.

Tena anasoma Kiarabu. Mawe ya kale ya mwambao yana maandishi. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Ili kuyasoma hayo wengine inabidi waanze na alifu wakiwa watu wazima. Wewe ulianza ukiwa na miaka mitano.

NJIA YA MASOMO

Katika sekondari, shika sana Hisabati, Fizikia, Jiografia, Historia na Kiingereza. Usikubali kuambiwa kwamba Historia na Fizikia haziendi pamoja. Katika kazi hii zinaenda pamoja kila siku.

Baada ya hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni kupitia sayansi: kwa Tanzania, mchepuo wenye Fizikia, Hisabati na Jiografia, kisha chuo kikuu kwa shahada ya jiolojia, jiofizikia au upimaji ardhi, na baadaye shahada ya pili ya akiolojia. Ya pili ni kupitia sanaa: shahada ya akiolojia kwanza, kisha kujifunza vifaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha akiolojia tangu mwaka 1985. Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha upimaji wa ardhi. Wa Kenya wanaweza kuanzia Chuo Kikuu cha Nairobi, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ni mahali pa kujitolea na kujifunza. Kozi maalumu za jiofizikia ya mambo ya kale zipo zaidi nje, hasa Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, kwa hiyo kutafuta ufadhili ni sehemu ya safari.

MASWALI YA WAZAZI

"Mwanangu atapata kazi?" Hatutawadanganya. Nafasi za akiolojia peke yake ni chache: idara za mambo ya kale, makumbusho, vyuo vikuu, na kampuni zinazofanya tathmini ya mazingira kabla ya miradi mikubwa, ambapo urithi wa kale nao hutazamwa. Lakini ujuzi wa vifaa hivi haufungwi hapo. Kipimo kilekile cha umeme ndicho kinachotafuta maji kabla ya kuchimba kisima. Rada ileile hutafuta mabomba chini ya barabara na nyufa ndani ya zege. Anayejua kupima, kuchora ramani na kusoma picha za setilaiti anahitajika katika ardhi, kilimo, madini na ujenzi. Kijana mwenye busara hushika ujuzi kwa mkono mmoja na mambo ya kale kwa mkono wa pili.

"Hii si kazi ya kufukua makaburi?" Tumekwisha kueleza: ni njia ya kuyajua ili yaachwe. Na kama tukikaa mbali kwa kuogopa, wengine watakuja kuchimba, na hapatakuwa na mmoja wetu wa kusema neno.

"Na binti zetu?" Mkuu wa vipimo vya Songo Mnara alikuwa mwanamke. Hakuna katika kifaa hiki kinachomkataa binti. Kinakataa pini ya chuma tu, na ziko za plastiki.

"Wapo wanaotafuta hazina magofuni." Hao si wataalamu. Wanavunja ukuta wa miaka 600 kwa tamaa ya dhahabu isiyokuwapo. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Kuchimba bila kibali ni kosa.

TUANZE SASA

Hatuna magnetomita katika madrasa yetu. Lakini mambo haya matatu hayahitaji fedha.

Kwanza, chukua dira, iweke mezani, kisha isogezee msumari polepole uone sindano inavyotikisika. Ufiche msumari chini ya kitambaa na mwenzako autafute kwa dira. Hapo umeshaelewa magnetomita.

Pili, wewe na wenzako pimeni kiwanja cha madrasa kwa kamba yenye alama za mita, mkichore katika karatasi ya miraba: msikiti, kisima, miti, njia. Kisha pimeni tena siku nyingine mlinganishe. Mtashangaa mlivyokosea mara ya kwanza.

Tatu, na hili ndilo kubwa: kaa na bibi au babu umuulize mahali pa kale katika kijiji chenu. Msikiti uliokuwapo kabla ya huu ulikuwa wapi? Kisima kilichofukiwa kiko wapi? Mbuyu ule una habari gani? Andika jina lake, tarehe na maneno yake. Ukiona vigae au jiwe lenye maandishi, usiliondoe. Andika lilipo na mjulishe mwalimu, naye apeleke habari katika idara ya mambo ya kale. Kitu kikishatolewa mahali pake, nusu ya habari yake imekwisha.

Qur'ani Tukufu imetuhimiza katika sura nyingi tutembee katika ardhi na tuzingatie habari za waliotutangulia. Wazee wetu walijenga, wakaswali, wakafanya biashara na wakazikwa katika mwambao huu, na sehemu kubwa ya habari zao ingali chini ya miguu yetu. Kila mwaka bahari inachukua kidogo, na ujenzi unachukua kidogo. Wageni waliokuja kupima wametufanyia wema, na tunawashukuru. Lakini nyumba ya mtu huchunguzwa vizuri zaidi akiwamo na mtoto wa nyumba hiyo.

Twamuomba Allah awajaalie miongoni mwa wasomaji wa kurasa hizi mmoja au wawili watakaoishika kazi hii kwa elimu na uaminifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.